Kamera Isiyo na Kioo

Daktari alimwambia shangazi hivi: uvimbe uko shingoni, utatolewa Jumatatu, na mshipa unaoendesha sauti umepita hapo hapo kando ya uvimbe. Tutajitahidi, akasema. Sauti inaweza kurudi kama ilivyo, inaweza kurudi nyingine, inaweza isirudi kabisa.

"Ikirudi nyingine," shangazi akauliza, "naruhusiwa kuchagua ya nani?"

Daktari akacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona chumba chote kinasogea mbali polepole, kama kitu unachokitazama kupitia kioo kinene.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaenda kutafuta kamera.

Mimi si mtu wa mipango. Shule niliacha kidato cha pili, nikasema inanichelewesha, ingawa sikuwa na pa kwenda. Nakata vioo: vya madirisha, vya makabati, vya kujitazamia. Shangazi ndiye aliyenilea, dada yake baba, na ananiita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, maana kukaa sehemu moja kunaniwasha mwili. Yeye ni dobi. Chumba chetu cha mbele ndicho ofisi yake. Kuna meza ndefu ya pasi, kuna kamba zimepita kila upande, na mashuka ya nyumba ya wageni yananing'inia kutoka darini mpaka karibu na sakafu. Ukiingia mchana, jua likiwa dirishani na mvuke wa pasi umejaa, unatembea kama uko ndani ya maziwa. Humwoni. Unamsikia. Anayasema mashuka, anaisema pasi, anaisema redio hata ikiwa imezimwa. Miaka kumi na sita nimeingia nyumbani kwa kufuata sauti.

Sasa hiyo sauti ilikuwa na siku tatu, na mimi sikuwa nayo popote. Simu yangu iliwahi kuanguka kutoka juu ya ngazi kazini, na tangu siku hiyo ukimrekodi mtu anasikika kama amemezwa na debe. Nilikuwa na akiba ya kununulia pikipiki. Nikaichukua yote.

Duka la kamera lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Mwenyewe ni mzee mmoja mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kwenye paji la uso, na anatengeneza na kuuza zilizotumika.

"Unataka ya nini?"

"Ya kila siku. Picha na video. Ndogo, ya kubebeka. Iwe inaona vizuri."

"Zote zinaona vizuri. Anayechelewa kuona huwa ni mwenye kamera." Akatandika kitambaa, akapanga tatu juu yake: moja ya rangi ya fedha, moja nyeusi, moja ya kijivu. "Hizi ndizo za siku hizi. Ndani hazina kioo."

"Mzee, mimi nakata vioo. Unaniuzia kitu kisicho na kioo?"

"Zile za zamani zina kioo kinaruka ndani kila ukipiga. Paa! Mwanga unagonga kioo, unapanda juu, ndiyo unafika kwenye jicho lako. Hizi mwanga unaingia moja kwa moja, na unachokiona kwenye skrini ndicho kilichoingia. Ndiyo maana zimekuwa ndogo. Kioo kimeachishwa kazi."

"Kwa hiyo hata huku nimefukuzwa."

Hakucheka. Nilipoinua ile ya fedha na kuielekeza ukutani, akanishika mkono. "Kamera haichaguliwi hapa. Hapa kuna taa yangu na ukuta wangu. Nenda nayo kwako, ishi nayo mpaka kesho. Vua viatu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akanionyesha rafu nyuma yake, mahali ambapo ungetegemea lenzi. Kulikuwa na viatu. Buti, raba, viatu vya kike vyenye visigino, vimepangwa kama vinasubiri kuitwa. Ndiyo dhamana yake. Ukimwachia viatu vyako anakupa ndala za plastiki, mbili, na zote ni za mguu wa kushoto.

"Mtu hawezi kuiba na kushoto mbili," akasema. "Hafiki mbali."

Nikatoka pale natembea kama bata, na ile ya fedha shingoni. Na hapo ndipo nilipoanza kupotea kidogo. Kamera ile ilikuwa na rangi ambazo mtaa wetu hauna. Dimbwi la maji mbele ya gereji lilikuwa na anga zima ndani yake, na fundi alipoliruka, akaruka juu ya mawingu. Mwanamke alikuwa anampangusa uso sanamu wa dirisha la duka la nguo, taratibu, kama anamwosha mgonjwa. Kila nilichokielekezea kilikuwa kama kitu ninachokumbuka badala ya kitu ninachokiona. Mwendo wa dakika kumi na tano ulinichukua saa nzima.

Nyumbani sikusema kitu. Nilijificha nyuma ya mashuka, nikawasha video, nikaelekeza kule sauti inakotoka. Shangazi alikuwa anagombana na foronya. Dakika kumi na moja. Halafu kikatokea kialama cha kipimajoto kwenye skrini, na kamera ikazima yenyewe. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Mvuke na joto la chumba kile viliishinda.

Nikaenda uani kutazama. Weupe. Weupe mwingine. Kivuli kimoja kinapita, kizuri mno, kama samaki chini ya maji. Na sauti ya shangazi iko mbali, imezibwa na mashuka na feni, kama mtu wa nyumba ya tatu.

"Kiguu!" akaniita kutoka ndani. "Hizo ndala zimekuwaje?"

"Nimeazimwa."

"Na nani, na mtu mwenye mguu mmoja?"

Hilo halikurekodiwa.

Jumamosi asubuhi nikaichukua nyeusi. Mzee alisema ndiyo bora kati ya zote, ina sensa kubwa, yaani ule uso wa ndani unaopokea mwanga, na lenzi yake inameza mwanga hata gizani. Safari hii nikaamua kutojificha.

"Shangazi, nataka nikupige."

"Nimekosa nini mpaka unipige?"

"Picha. Ya kutembea. Video."

Akazima pasi. Akaingia ndani. Akakaa huko nusu saa, akatoka na gauni la bluu, nywele amezibana, poda mpaka kwenye masikio. Akavuta kiti ukutani, akaketi, mikono juu ya magoti, kidevu juu. Nikawasha. Akatulia.

Nikasubiri. Dakika ya kwanza, ya pili. Macho hayapepesi. Nikaona kifua chake hakipandi, nikaogopa.

"Shangazi, ongea."

Akaniambia bila kufungua midomo, "Nitaharibu picha."

"Hii ni video. Inataka uongee."

"Najua ni video. Si unaona nimetulia?"

Ujanani mwake picha ilipigwa studio, mara moja kwa mwaka, na mpiga picha alikuwa anawakataza hata kuhema. Ukitikisika unaonekana una vichwa viwili, na aliyetikisika ndiye aliyelaumiwa na familia nzima hadi mwaka unaofuata. Mwili wake ulikuwa haujasahau. Nilimwambia acheke, akacheka kwa macho tu. Nilimwambia apige pasi, akashika pasi ya baridi, akaiinua kama bango, akatulia tena.

Dakika nne na nusu. Nilimwonyesha. Aliitazama skrini muda mrefu.

"Nimependeza," akasema. "Nunua hii."

Alikuwa amependeza kweli. Ningeweza kuhesabu kope zake. Ukuta nyuma yake ulikuwa umeyeyuka kuwa rangi tupu, kama yuko peke yake duniani na dunia imefuliwa. Sijawahi kuona picha nzuri ya mtu wangu namna ile. Na ilikuwa kimya. Nikawaza nikiitazama mwaka ujao, nikiwa nimekaa kitandani, yule mwanamke mzuri ananitazama na hasemi kitu, na nikashikwa na hasira. Mimi hasira zangu hazikai kinywani.

"Siitaki sura yako," nikasema. "Sura utarudi nayo. Nataka sauti."

Akageuka. Nadhani alikuwa anajua tangu mwanzo, ila kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kitu kingine.

"Kwa hiyo ndiyo ulichokuwa unafanya. Unaizika sauti yangu kabla haijafa?"

"Siiziki. Naiweka."

"Watu huweka kitu kinachoondoka."

Akaingia kuvua gauni. Alipotoka, akawasha pasi na kuanza kazi, na hakusema neno. Hata kwa mashuka. Mvuke ulikuwa unapanda, maji yanadondoka kwenye beseni, na chumba kile kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kilikuwa hakina mtu, ingawa nilikuwa namwona. Nikatoka na ndala zangu za kushoto.

"Vipi nyeusi?" mzee akauliza.

"Ni nzuri mpaka inanikera." Nikamweleza yote, mpaka poda ya masikio. Akashusha ile miwani ya juu, akaweka juu ya ile ya chini, akanitazama kwa zote mbili.

"Chukua ya kijivu."

"Ile? Ile ni kama kisahani cha sabuni."

"Ndiyo. Wanainunua watu wanaojirekodi wenyewe, wanapika huku wanaongea. Ina sensa ndogo, usitegemee maajabu. Lakini haichemki upesi. Skrini inageuka. Mkono ukiyumba, yenyewe inatuliza. Na maiki zake ziko huku nyuma ya lenzi, juu, ukizivisha hiki kimanyoya upepo hausikiki." Akanipa kitu cheusi chenye nywele, kama panya aliyelala. "Kesho nipo mpaka saa sita. Baada ya hapo nafunga, na viatu vyako vitalala hapa mpaka Jumanne."

Jumanne. Jumatatu alikuwa ameiruka kana kwamba haipo kwenye wiki.

Nilimkuta shangazi bado hasemi. Mashuka arobaini ya nyumba ya wageni yalikuwa yamekauka na yanasubiriwa kabla ya giza. Shuka kubwa hulikunji peke yako: mmoja anashika pembe mbili kule, mwingine huku, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Hiyo imekuwa kazi yetu tangu nilipokuwa nafika kiunoni mwake. Nikaweka kamera mezani, sikuiwasha hata, nikashika pembe zangu. Tukaanza. La kwanza kimya. La pili kimya. Tunakutana katikati, vidole vinagusana, tunaachana. Nilikuwa nawaza kesho saa sita na sikuwa natazama mikono yangu.

Kwenye la tano akashindwa kujizuia.

"Hilo ni shuka au umefunga mzigo wa kuni?"

"Limenyooka."

"Limenyooka! Mwanangu, wewe unakata vioo vya watu. Hayo madirisha yao yanafungwa kweli?"

"Ninavyosimama huku naona limenyooka."

"Ndiyo shida yako, unajiona kwa ndani. Nipe hicho kidude. Nipe! Kinawashwa wapi? Kunja peke yako, nikuonyeshe unavyosimama."

Nikambonyezea. Ilikaa kwenye kiganja chake kama imepimiwa hapo. Ile nyeusi angeishika kwa mikono miwili kama mtoto wa mwenzie. Hii aliishika kwa mkono mmoja, ule mwingine ukabaki huru kunielekeza, na akaanza.

"Inua mkono. Mwingine. Huo nao ni mkono au umeazimwa pamoja na ndala? Shusha kidevu. Usinitazame mimi, tazama pindo. Pindo, Kiguu! Haya, rudi nyuma. Nyuma zaidi. Ooo, amekanyaga shuka. Ndugu watazamaji, amekanyaga shuka safi la watu. Mama yake angekuwepo angemkana. Taratibu, baba, taratibu, si mkeka huo..."

Kwenye kumbukumbu yake, anayepigwa picha ndiye anayenyamaza. Anayepiga huwa anaongea. Anaamuru, anatania, anasema inua kidevu. Sasa yeye ndiye alikuwa studio, na mimi nilikuwa familia nzima iliyopanga mstari. Nikanyamaza, kidevu juu, nikakunja vibaya. Mengine nilikunja vibaya makusudi.

Jioni, alipokwenda kupeleka mashuka, nikakaa kizingitini na kutazama. Dakika ishirini na sita. Picha ni ya kawaida, niseme ukweli. Dirisha limeungua kwa weupe, mimi nimekatwa kichwa mara nyingi, kona moja kuna kidole chake, kikubwa na chekundu kama pazia. Lakini sauti! Maiki zilikuwa shubiri moja kutoka mdomoni mwake. Nilisikia pumzi kabla ya neno. Nilisikia ulimi unavyogusa meno anapotaka kutania, na kile kikohozi kidogo ambacho sikuwahi kukitambua. Mashuka yanapanda na kushuka meupe, naonekana na kupotea ndani yake, na yeye hayupo popote, na yuko kila mahali.

Mahali fulani nilikuwa nimetoka kuchota maji, na hakujua kuizima. Kamera inatazama sakafu. Anahesabu peke yake, chinichini: "Kumi na nane. Kumi na tisa. Hili lina doa. Sijui watu wanalalaje. Ishirini." Hapo nilirudisha nyuma mara nne.

Jumapili saa tano na nusu nilikuwa dukani.

"Nachukua hii."

Mzee akashangaa, au alijifanya. "Nyeusi ni bora mara kumi. Bei zinakaribiana. Wewe ndiye utakayeitumia miaka yote, fikiria vizuri."

Nikafikiria. Nilikuwa naitamani ile nyeusi, sitadanganya. Niliona dimbwi na mawingu, na mimi natembea nayo kila siku mpaka uzeeni.

"Anayeshika si mimi," nikasema.

Akanirudishia viatu vyangu. Akaniongezea betri ya pili, na kile kipanya cha maiki.

Mchana ule wote shangazi alitembea nayo. Nilimwambia tu kwamba ni yake, hakuuliza kwa nini. Alipiga bomba linalovuja na kulisema. Alipiga jirani anayekwangua rangi ya mlango, akamuuliza mlango umemkosea nini. Alipiga mchwa, ngazi, kivuli chake mwenyewe ukutani, akakiambia kinenepe kidogo. Mimi nilimfuata nyuma na betri mfukoni. Jua lilikuwa laini, mtaa mzima ulikuwa unaelea, na nilikuwa nasikia kila kitu kikipewa jina, kama vile kabla ya hapo hakikuwa na jina.

Jumatatu aliingia nayo hospitali. "Hii ni korido," aliiambia. "Ndefu bila sababu. Yule nesi ana viatu vizuri, namba yangu kabisa."

"Mama, hicho ukiache sasa," nesi akasema.

Akanipa. "Haijazimwa," akasema. "Zima wewe." Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi na kamera imewaka, inarekodi magoti yangu, mpaka betri ikaisha.

Wiki tatu zimepita. Uvimbe ulitoka wote. Sauti iliyorudi ni ya pumzi, kama mtu anayepasua kitambaa chumba cha pili. Daktari anasema tungoje miezi sita, mshipa umeguswa, haujakatwa. Shangazi amerudi kwenye pasi. Hayasemi mashuka. Nikiingia mchana nasimama mlangoni kwanza, maana sijui nielekee upande gani.

Jana nikafikiri nimfurahishe. Nikaweka kamera mezani, nikacheza ile video. Sauti yake ya zamani ikajaa chumba, inanitukana miguu. Akasikiliza, pasi mkononi, kichwa amekiinamisha. Halafu akaniita kwa kidole, nikasogeza sikio mpaka mdomoni mwake.

"Huyo anaongea sana," akanong'ona. "Zima. Ataniunguzisha shuka."

Nikazima. Nikaona nimeharibu. Lakini akafuta mikono kwenye gauni, akaichukua kamera, akaiwasha mwenyewe, akanielekezea mimi na rundo la mashuka.

Nikashika pembe mbili. Nikangoja. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na hakuna amri iliyokuja. Mvuke ulikuwa unapita kati yetu, anaonekana, anapotea.

"Niinue mkono?"

Akatikisa kichwa kukataa, na kamera ikatikisika naye.

"Kwa hiyo nikunje tu hivi hivi? Kimya kimya?"

Akatikisa tena. Akaelekeza kidole kwenye mdomo wangu, halafu akazungusha mkono, kama mtu anayemwambia dereva aendelee. Sikuwahi kupigwa video nikiongea. Nikatazama pindo.

"Haya," nikasema. "Leo kazini kuna mtu kaleta kabati, anataka kioo cha duara. Nikamwambia, mzee wangu, kabati lako ni la mraba..."

Akasogea karibu, ili maiki zisikie.